Kupata Msaada wa Serikali kwa Shamba na Bustani Ukiwa Nairobi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Watu wengi wanaoishi Nairobi wana kipande cha ardhi kwingineko: ekari moja Kandara, robo tatu ya ekari Mwea, sehemu ya shamba la familia kule Kinangop au Makueni. Hupiga simu, hutuma pesa za mbegu na za vibarua, kisha husubiri mavuno. Wengi wao hununua mbolea kwa bei ya duka, hukopa kwa riba ya juu na kuuza kwa bei ya dalali, ilhali serikali ya kitaifa na ile ya kaunti zimetenga fedha za umma kwa mambo hayo hayo. Mwongozo huu ni wa watu hao, na pia wa wale wanaolima bustani ndogo ndani ya jiji lenyewe.

Jambo ninalotaka lieleweke kabla ya lingine lolote ni kwamba msaada wa serikali humfikia mkulima aliyeandikishwa katika wadi lilipo shamba lake, tena kabla ya msimu kuanza. Anayekwenda Kilimo House, pale Cathedral Road, kuulizia mbolea mwezi wa Aprili atasikilizwa kwa heshima na kuelekezwa kwa chifu wa kwao, na kufikia hapo mvua ya masika itakuwa imenyesha kwa majuma kadhaa.

Hatua ya kwanza: Jua ni serikali ipi inayotoa nini

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia serikali ya kitaifa sera ya kilimo na kuzikabidhi kaunti shughuli zenyewe za ukuzaji wa mimea, ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo. Tangu 2013 kila moja ya kaunti 47 ina idara yake ya kilimo, na afisa wa kilimo wa wadi, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa wizara, sasa ni mwajiriwa wa kaunti. Huyu ndiye mtu wa kwanza unayepaswa kuwa na nambari yake ya simu. Mpe jina la kijiji, ukubwa wa shamba na zao unalolima, kisha umuulize swali moja lililo wazi: kaunti imepanga kufanya nini kuhusu zao hili katika mwaka huu wa fedha?

Majibu hutofautiana sana kutoka kaunti moja hadi nyingine. Makueni ilijenga kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba ili wakulima wasilazimike kumwachia dalali matunda yao wakati wa wingi. Murang'a ilianzisha mpango wa Inua Mkulima unaowalenga wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wakulima wa maembe. Nyandarua huelekeza nguvu nyingi kwenye viazi. Kwa hivyo habari uliyoisikia kutoka kwa mwenzako kazini kuhusu miche ya bure au pampu za maji huenda ni ya kweli kwa kaunti yake na isiwepo kabisa katika kaunti yako.

Upande wa kitaifa yako mashirika machache ambayo mkulima wa bustani atakutana nayo mara kwa mara. KALRO hufanya utafiti wa mazao na mifugo, na makao yake makuu yako Loresho. KEPHIS husimamia afya ya mimea na ubora wa mbegu. Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA, ndiyo iliyo na Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, inayojulikana kwa ufupi kama HCD. Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, huhifadhi na kuuza mbolea ya ruzuku, na Shirika la Mikopo ya Kilimo, AFC, lililoanzishwa mwaka 1963, hutoa mikopo. Ofisi kuu za mashirika haya ziko Nairobi, na hiyo ndiyo nafasi aliyo nayo mkazi wa jiji ambayo jamaa yake wa mashambani hana. Itumie kwa yale yanayopatikana Nairobi tu, kama upimaji wa udongo na leseni, na yaliyobaki uyafanyie kwenye wadi.

Hatua ya pili: Weka karatasi za ardhi sawa

Usajili wa mkulima hauhitaji hatimiliki yenye jina lako, kwa kuwa hata aliyekodi shamba huandikishwa. Lakini mikopo na baadhi ya miradi mikubwa huhitaji ushahidi wa umiliki, na hapa ndipo wengi hukwama kwa miaka. Tatizo la kawaida zaidi katika nyanda za juu za kati ni ardhi iliyobaki katika jina la babu au la baba aliyefariki. Familia imekwisha kugawana kwa mdomo, kila mtu anajua mpaka wake, na bado katika sajili ya serikali mwenye shamba ni marehemu.

Katika hali hiyo, anza na barua ya chifu inayowatambua warithi, kisha mfungue kesi ya mirathi mahakamani. Shughuli hii huchukua muda mrefu na inahitaji ndugu wote wakubaliane, kwa hivyo ni vyema ikaanzishwa wakati kuna amani nyumbani na hakuna mkopo unaosubiriwa kwa haraka. Wakati mirathi inaendelea, usiache kujiandikisha kama mkulima wa sehemu unayoilima.

Ukiwa unakodi, andika mkataba unaotaja ukubwa wa kipande, muda, kodi, na mambo yatakayofanywa ikiwa mwenye shamba ataaga dunia au kuuza. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka uuzaji, ukodishaji na uwekaji rehani wa ardhi ya kilimo katika maeneo yanayosimamiwa na bodi za ardhi upate idhini ya bodi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita baada ya mapatano. Watu wengi hupuuza sharti hili wanapokodi kwa msimu mmoja. Anayetaka kupanda parachichi, ambayo mche wake uliobebeshwa huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa, hawezi kulipuuza bila kujihatarisha.

Hatua ya tatu: Jiandikishe, na uchague kwa makini jina litakaloandikwa

Mwanzoni mwa 2023 serikali ya kitaifa iliwasajili wakulima kote nchini kupitia machifu na naibu wao, na taarifa hizo zikaingizwa katika mfumo wa kidijitali uitwao KIAMIS. Mkulima hutoa nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mahali lilipo shamba, ukubwa wake, na mazao na mifugo aliyo nayo. Usajili ni wa bure. Aliyekosa wakati ule, au aliyebadilisha simu au ukubwa wa shamba, huenda kwa naibu wa chifu au kwa afisa wa kilimo wa wadi na kuomba kuandikishwa au kurekebishiwa taarifa.

Suala la jina linastahili mazungumzo ya familia kabla ya kumwona chifu. Vocha ya mbolea hutumwa kwa ujumbe wa simu kwenye nambari iliyosajiliwa. Ikiwa nambari hiyo ni yako na wewe uko Umoja au Rongai, mama yako au dada yako anayelima hataweza kuchukua mbolea bila wewe kumtumia ujumbe ule kwa wakati, na ghalani anaweza kuombwa kitambulisho ambacho hakilingani na vocha. Kwa maoni yangu, mtu anayeamka kila siku na kuingia shambani ndiye anayefaa kuandikishwa, hata kama pesa zinatoka kwako. Ndiye atakayeitwa kwenye mafunzo, ndiye afisa wa kilimo atakayemkuta nyumbani, na akiwa mwanamke au kijana atafungua milango ya mipango ambayo wewe huenda hustahili. Hili lisiwe jambo la kuoneana shaka; mnaweza kuandikiana makubaliano mafupi kuhusu mgawo wa mavuno.

Hakikisha kwamba laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mtu huyo huyo. Taja ukubwa halisi wa shamba. Idadi ya mifuko unayoruhusiwa hutegemea ekari zilizoandikwa, na anayeongeza ekari ili apate mifuko zaidi humnyima jirani, kwa kuwa mbolea inayofika kwenye ghala la eneo ina kiasi chake. Ukitaja ekari pungufu nawe utakosa iliyo haki yako msimu baada ya msimu.

Hatua ya nne: Pima udongo kabla ya kuagiza mbolea

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami naona ndiyo yenye faida kubwa kuliko ruzuku yenyewe. Mbolea ya bei nafuu isiyofaa udongo wako ni pesa uliyotupa, iwe ni yako au ya umma. Katika sehemu nyingi za Murang'a, Kiambu na Kirinyaga, hasa zile za juu zinazokaribia mashamba ya chai, udongo una asidi nyingi. Asidi ikizidi, kiwango cha pH kikiwa chini ya takriban 5.5, fosforasi hushikwa na madini ya alumini na chuma, na mmea hauipati hata ukiongeza mifuko. Matumizi ya mbolea ya kupandia ya DAP mwaka baada ya mwaka huzidisha asidi hiyo. Mkulima wa namna hii anahitaji chokaa ya kilimo kwanza na mbolea baadaye.

Maabara ya KALRO huko Kabete, kando ya Waiyaki Way, hupokea sampuli za udongo kutoka kwa wakulima kwa malipo. Sampuli huchukuliwa hivi. Tembea shambani kwa mwendo wa kupindapinda, na katika sehemu 15 hadi 20 ondoa majani ya juu, kisha chimba hadi kina cha sentimita 20 na uchukue kipande chembamba cha udongo kutoka juu hadi chini ya shimo. Changanya vyote katika ndoo safi ya plastiki. Ndoo ya chuma yenye kutu au iliyowahi kubeba mbolea itaharibu majibu. Epuka kandokando ya boma, chini ya miti mikubwa, kwenye shimo la takataka na mahali palipowekwa mbolea hivi karibuni. Kutoka kwenye mchanganyiko huo chukua takriban nusu kilo, uianike kivulini mpaka ikauke, na uiweke katika mfuko wenye jina lako, mahali, kina na zao unalotaka kupanda. Kama shamba lina sehemu mbili zilizo tofauti, kwa mfano mteremko na bonde, tayarisha sampuli mbili.

Fanya kazi hii mwezi wa Novemba au Desemba ukienda nyumbani kwa likizo, au mapema Januari, ili majibu yawe mkononi kabla ya vocha kutolewa na chokaa iwe imepata muda wa kufanya kazi ardhini.

Hatua ya tano: Chukua mbolea ya ruzuku mapema na uikague

Mpango wa sasa wa ruzuku ulianza Septemba 2022, serikali ilipopunguza bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka takriban shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka 2023 bei ikashushwa tena hadi 2,500. Mfuko huuzwa katika maghala ya NCPB na kupitia baadhi ya vyama vya ushirika vilivyo karibu na wakulima. Vocha ikifika, huonyesha aina ya mbolea na kiasi unachoruhusiwa, nawe hulipia na kuchukua mwenyewe.

Gharama iliyojificha ni usafiri. Mkulima wa mifuko miwili anayelipa bodaboda kwenda na kurudi kwenye ghala la mbali anaweza kupoteza sehemu kubwa ya kile alichookoa, kwa hivyo majirani watano au sita wakikodi pikapu pamoja watafaidi zaidi. Mpangilie jamaa yako jambo hili kwa simu ungali Nairobi. Msimu wa mvua ndefu katika eneo la kati huanza katikati au mwishoni mwa Machi, na foleni ghalani huwa ndefu kuanzia mwanzoni mwa mwezi huo. Januari na Februari ndio wakati wa kwenda. Kwa mvua za vuli zinazoanza Oktoba, tafuta mbolea mwezi wa Agosti.

Kagua mfuko kabla haujaondoka. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa chini ya mpango wa ruzuku haikuwa mbolea halisi, na wakulima waliokuwa wametunza risiti ndio waliokuwa na msingi imara wa kudai walichopoteza. Angalia kama mshono wa kiwandani haujafunguliwa na kurudishiwa kwa mkono, kama alama ya ubora ya Shirika la Viwango, KEBS, ipo, na kama jina la mtengenezaji na viwango vya virutubishi vimeandikwa waziwazi. Piga picha ya mfuko pande zote, weka risiti, na uhifadhi kiganja kimoja cha mbolea hiyo kwenye chupa kavu mpaka mazao yaote vizuri. Kufanya hivyo hakuchukui hata dakika tano.

Hatua ya sita: Mbegu na miche

Pakiti ya mbegu iliyoidhinishwa huwa na kibandiko cha KEPHIS chenye sehemu ya kukwangua. Ukikwangua na kutuma nambari iliyofichwa kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, utajibiwa kama mbegu hiyo ni halali. Mtumie jamaa yako maelezo haya, na umwombe akutumie jibu kabla hujalipa duka.

Kwa miche ya parachichi, maembe au matunda mengine, nunua kwenye kitalu kilichosajiliwa. Udanganyifu hapa huumiza kuliko wa mbegu ya mboga, kwa kuwa utaugundua baada ya miaka mitatu mti unapozaa tunda usilolitarajia. Kituo cha utafiti wa mazao ya bustani cha KALRO kilichoko Kandara huuza miche na hutoa ushauri kuhusu umbali wa kupanda na upogoaji. Kwa viazi, tafuta mbegu safi kutoka KALRO Tigoni au kwa wazalishaji waliothibitishwa na KEPHIS, kwa sababu ugonjwa wa mnyauko bakteria ukishaingia shambani kupitia viazi vya kupanda hauna dawa ya kuunyunyizia, na utalazimika kubadilisha mazao kwa misimu kadhaa.

Kaunti nyingine hugawa miche bure au kwa bei nafuu. Ipokee, lakini muulize afisa aina yake na kitalu ilikotoka, kwa kuwa mche wa bure hukalia ardhi yako kwa miongo.

Hatua ya saba: Ingia katika kikundi kinachofanya kazi

Fedha nyingi za miradi mikubwa hazimfikii mkulima mmoja mmoja. Mradi wa kitaifa wa minyororo ya thamani ya kilimo, NAVCDP, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na ulioanza 2022, hufanya kazi kupitia vikundi vya kijiji na SACCO za wakulima katika wadi. Mradi huo pia umewafunza vijana wanaozunguka vijijini kutoa ushauri na kuwaunganisha wakulima na huduma, na kijana huyo wa wadi yenu ni mtu wa pili ambaye jamaa yako anapaswa kuwa na nambari yake.

Kuandikisha kikundi cha kijamii chini ya sheria ya 2022 kunahitaji watu wasiopungua kumi, katiba yao, kumbukumbu za mkutano uliowachagua viongozi, na nakala za vitambulisho, na kazi hii hufanywa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Chama cha ushirika nacho kinahitaji wanachama kumi au zaidi, ila kina wajibu mzito zaidi wa hesabu na ukaguzi. Kabla ya kuanzisha kikundi kipya, ulizia kilichopo. Vikundi vilivyozaliwa siku mradi ulipotangazwa huvunjika fedha zinapochelewa, na maafisa wanaokagua maombi hutazama daftari la michango, akaunti ya benki na kumbukumbu za mikutano ili kujua kama kikundi kina maisha yake. Mkazi wa Nairobi anaweza kuwa na manufaa makubwa hapa kwa kuandika pendekezo, kutunza hesabu na kufuatilia barua, ilimradi asitake kuwa mwenyekiti wa watu anaowaona mara tatu kwa mwaka.

Hatua ya nane: Mkopo na bima

AFC hukopesha kwa ajili ya pembejeo, mifugo, umwagiliaji na vifaa, na makao yake yako Development House, Moi Avenue, ingawa ombi hushughulikiwa vizuri zaidi katika tawi lililo karibu na shamba kwa kuwa afisa lazima alitembelee. Ikiwa ardhi ndiyo dhamana, tarajia utafutaji wa sajili, idhini ya bodi ya ardhi, na idhini ya mwenzi wa ndoa pale ambapo nyumba ya familia imo katika ardhi hiyo.

Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, hutoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ila mkopo wake wa kibinafsi hulipwa ndani ya siku 14. Nyanya huchukua zaidi ya miezi miwili tangu kuhamishwa kitaluni hadi mavuno ya kwanza. Mkopo huo unafaa kumlipia kibarua wakati wa kuvuna na haufai kuanzishia shamba. Kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, Hazina ya Uwezo, inayosimamiwa katika maeneobunge, hutoa mikopo isiyo na riba.

Kuhusu bima, serikali ilianza mwaka 2016 kulipia nusu ya ada ya bima ya mazao kwa wakulima wa mahindi na ngano. Mkulima wa mboga na matunda asihesabu kwamba analindwa na mpango huo. Ajilinde kwa kutopanda zao moja kwa wakati mmoja katika shamba zima.

Hatua ya tisa: Timiza masharti ya soko kabla ya kuvuna

Udhibiti nao ni sehemu ya msaada wa serikali, hata kama mkulima huuona kama usumbufu. Mwanzoni mwa 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharagwe na njegere zenye maganda kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa za wadudu, na wakulima wadogo wa mishiri, yaani maharagwe mabichi yanayoliwa na maganda yake, wakapoteza wanunuzi. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisitisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na miaka ikapita kabla ya soko hilo kufunguliwa tena. Mkulima mmoja asiyefuata siku za kusubiri baada ya kunyunyizia dawa anaweza kuwafungia soko maelfu.

Andika basi katika daftari tarehe ya kila unyunyiziaji, jina la dawa, kipimo na tarehe ya mavuno. Tumia dawa zilizosajiliwa na Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, PCPB. Kiwango cha kitaifa cha mazao ya bustani, KS 1758, kinadai kumbukumbu za namna hii, na mnunuzi wa nje ataziulizia. Usimuuzie mnunuzi anayejitambulisha kama msafirishaji wa parachichi bila kuona leseni yake ya HCD. Kurugenzi hiyo hufunga uvunaji wa parachichi za kusafirishwa kwa meli katika miezi ya mwisho wa mwaka ili matunda yasiyokomaa yasiharibu jina la nchi, na dalali anayekuja kukuhimiza uvune wakati huo huwa anataka kukulipa bei ya tunda bovu kwa mti ambao ungelipa vizuri baadaye. Soko la Uchina lilifunguliwa kwa parachichi mbichi za Kenya mwaka 2022 kwa masharti ya usajili wa mashamba na ya kutokuwepo kwa wadudu fulani, jambo linalozidisha thamani ya daftari lako.

Mwenye viazi akumbuke kanuni za 2019 zinazokataza kufungasha zaidi ya kilo 50 kwa gunia. Zinatekelezwa kwa ulegevu, na bado magunia yaliyorefushwa kwa wavu hufika Marikiti, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja kwa uzito unaozidi. Wakulima wa kijiji wakikataa kwa pamoja, lori halitaondoka tupu.

Kwa wanaolima ndani ya jiji

Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na jiji lina kaunti ndogo 17 na wadi 85 zinazohudumiwa na maafisa wa kilimo. Anayelima sukuma wiki kwenye magunia Kibera au anayefuga kuku Kasarani ana haki ya kumwita afisa sawa na mwenye ekari tano kijijini. Nakusihi usimwagilie mboga zinazoliwa kwa maji ya bomba la majitaka lililopasuka au ya mito ya jiji, hata kama jirani anavuna vizuri kwa maji hayo. Yana vimelea na metali nzito ambazo kuosha majani hakuziondoi zote. Popote ulipo, kusukuma maji ya mto kwa mashine kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Hatua ya kumi: Ukikosa haki yako, dai kwa maandishi

Vocha isipofika ilhali majirani wamepata, anza na afisa wa wadi, kisha mkurugenzi wa kilimo wa kaunti ndogo, na kila mara uache nakala ya barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21, na unaweza kuomba orodha ya vikundi vilivyofadhiliwa katika wadi yenu au kiasi cha mbolea kilichopokelewa ghalani. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, iliyo katika jengo la West End Towers huko Waiyaki Way. Huduma yake hailipiwi.

Kuna mambo ambayo malalamiko hayawezi kuyatatua, kwa mfano wadi nzima kuwa na afisa mmoja asiye na pikipiki, kwa kuwa hayo huamuliwa katika bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka unaotangulia, waraka wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi la pikipiki, la chokaa au la ghala baridi la mboga linapaswa kuingia mapema, likiwa limetiwa sahihi na wanakikundi na kutaja kijiji, idadi ya wakulima na zao, kisha lipelekwe kwa mwakilishi wa wadi na nakala kwa karani wa bunge la kaunti. Kaunti hutangaza mikutano ya kukusanya maoni ya umma na hupokea pia maoni ya maandishi, kwa hivyo anayefanya kazi Nairobi siku ya mkutano anaweza kutuma yake kabla ya tarehe ya mwisho iliyotajwa katika tangazo.